Tathmini: matunguu ya Colchicum 'Waterlily' yanayouzwa kwa jina la "krokasi ya mapukutiko"

Ua tunalipa nyota nne kati ya tano. Pakiti tunaipa moja, na sababu ni jina lililoandikwa juu yake.

Krokasi halisi ni wa ukoo wa Iridaceae, na mmoja wao, Crocus sativus, ndio unaotupa zafarani ya jikoni. Colchicum ni wa ukoo mwingine kabisa, Colchicaceae, na kila sehemu yake ina sumu iitwayo kolkisini. Tunguu na mbegu ndizo hatari kuliko zote. Mtu anayesoma "krokasi" kwenye pakiti, kisha akaona ua la zambarau likichanua mwezi uleule wa zafarani, ana kila sababu ya kudhani anaweza kulivuna. Muuzaji anayejali wateja wake huandika Colchicum kwa herufi kubwa na neno SUMU pembeni yake. Pakiti isiyo na onyo hilo irudisheni rafuni, hata kama bei yake ni nafuu.

Kutofautisha maua haya mawili ni rahisi ukiyatazama ndani. Hesabu stameni, yaani vijiti vyenye unga wa chavua: Colchicum ina sita, krokasi ina tatu. Zafarani ina nyuzi tatu nyekundu zilizoungana chini zikawa shina moja. Colchicum ina nyuzi tatu zilizotengana tangu chini, wala hazina ule wekundu mkali. Ila 'Waterlily' ina petali nyingi zilizopangana tabaka kwa tabaka, hivyo stameni huweza kukupotea. Hapo tazama tunguu. La Colchicum ni kubwa, limepinda upande mmoja na lina ganda la kahawia iliyoiva. La zafarani ni dogo, bapa na la mviringo.

Kwenye kununua, chagua matunguu mazito na magumu, yasiyobonyea kwa kidole. Usinunue yaliyokwisha kutoa chipukizi refu jeupe, maana huvunjika wakati wa kupanda, na maua ya mwaka huo hupotea. Colchicum haingoji udongo: likiachwa kwenye pakiti au juu ya dirisha, tunguu huchanua papo hapo kwa akiba yake lenyewe. Wauzaji wengine hulisifia hilo kama pambo la ndani. Sisi hatulipendekezi. Tunguu lililo wazi mezani linafanana mno na kitu cha kuliwa, na nyumba yenye mtoto mdogo au mbwa si mahali pake.

Panda mara tu unapoyapata, Agosti au mwanzoni mwa Septemba kwa nchi za kaskazini zenye baridi kali. Vaa glavu. Chimba shimo ili juu ya tunguu pabaki udongo wa sentimita 10 hivi, na acha sentimita 15 hadi 20 kati ya moja na jingine. Udongo upitishe maji vizuri. Kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji tunguu huoza. Jua au kivuli chepesi, vyote vinafaa. Panya na paa huliacha, lakini konokono wasio na gamba hawalionei huruma.

Nyota moja tuliyoikata inatokana na uzito wa ua. Shingo ya 'Waterlily' ni dhaifu, na mvua moja tu hulilaza chini kwenye tope. Dawa yake ni kulipanda katikati ya mimea mifupi inayotambaa, ili ua lipate cha kuegemea. Anayetaka ua linalosimama achukue Colchicum speciosum 'Album', jeupe, lenye umbo la kikombe na shingo imara. Kwa macho yetu hilo ndilo zuri kuliko yote ya jamii hii.

Jambo ambalo pakiti nyingi hulipitia juu juu ni majani. Maua hutoka peke yake wakati wa mapukutiko. Majani hungoja hadi machipuko, nayo ni mapana, marefu kiasi cha sentimita 25, na hufunika mimea midogo iliyo jirani. Usiyakate yakiwa mabichi. Ndiyo yanayolisha tunguu kwa maua yajayo, kwa hiyo yaache mpaka yawe manjano na kulala yenyewe mwanzoni mwa kiangazi. Kichaka kikisongamana, huo ndio wakati wa kuchimba na kuyagawa matunguu.

Majani hayohayo ndiyo yaliyoua watu Ulaya, kwa kuchumwa yakidhaniwa kitunguu saumu mwitu. Jani la kitunguu saumu mwitu lina kikonyo chake. Majani ya Colchicum hayana kikonyo, hutoka kwa pamoja yakikumbatiana. Usitegemee pua: ukishachuma jani moja la kitunguu saumu, vidole hunuka, na kila utakachogusa baada yake kitanuka vilevile. Kupika hakuondoi sumu, wala kukausha. Ndiyo maana nyasi kavu zenye mmea huu huua mifugo.

Kolkisini huzuia seli kugawanyika. Hiyohiyo hutumika kama dawa ya jongo, lakini kidonge chake huwa na miligramu 0.5 au 0.6 tu, na hata hicho hutolewa kwa uangalifu. Aliyekula mmea huu huweza kukaa saa 2 hadi 12 bila dalili, kisha huanza kutapika, kuhara na kuumwa tumbo. Siku zinazofuata uboho, figo na moyo huweza kushindwa. Hospitali kwa kawaida hazina dawa ya kuipindua sumu hii. Kwa hiyo usingoje dalili wala usimtapishe: mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na kipande cha mmea na pakiti yake mkononi.

Matunguu yanayosubiri kupandwa yawekwe kwenye banda la vifaa, ndani ya chombo chenye kifuniko na jina Colchicum, kamwe yasiwekwe jikoni karibu na vitunguu.