Mininet darasani: tathmini ya maabara ya mitandao ndani ya kompyuta moja

Mwanafunzi anayejifunza algoriti ya kupanga namba huiandika na kuiendesha papo hapo, lakini anayejifunza algoriti ya kutafuta njia kati ya ruta kumi anahitaji ruta kumi, nyaya za kuziunganisha na mtu wa kuzikata nyaya hizo kwa makusudi ili aone kitakachotokea. Kwa sababu hiyo somo la mitandao ya kompyuta mara nyingi huishia ubaoni, ambako algoriti ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi zaidi, iliyochapishwa mwaka 1959, huchorwa kwa chaki kana kwamba kila ruta inaiona ramani nzima wakati wote na hakuna ujumbe unaochelewa wala kupotea.

Mininet iliundwa kuziba pengo hilo. Ni programu huria inayoiga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja; ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, na Bob Lantz, Brandon Heller na Nick McKeown waliieleza katika makala ya mwaka 2010. Hutumia uwezo wa Linux wa kutenga mazingira ya mtandao, hivyo kila kompyuta pepe hupata kadi zake, anwani zake na jedwali lake la njia, ingawa zote zinategemea kiini kimoja cha mfumo endeshi. Swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta hizo, kwa kawaida ni Open vSwitch, swichi iliyoandikwa kama programu. Faida kubwa ya mpangilio huu ni kwamba TCP, itifaki ya kusafirisha data kwa uhakika, inayochunguzwa darasani ni ileile inayobeba data katika seva za Linux, wala si nakala iliyorahisishwa kwa ajili ya mafunzo.

Zoezi ninaloliona kuwa bora kuliko yote ni la swichi tatu zilizounganishwa pembetatu na kuachwa zijiendeshe bila kidhibiti, yaani programu ya kuziongoza kutoka nje. Mwanafunzi hutoa amri ya pingall, inayojaribu mawasiliano kati ya kompyuta zote, akitarajia majibu, lakini ombi la kwanza la kutafuta anwani huzunguka katika pembetatu bila kukoma, kwa kuwa fremu za Ethernet hazina hesabu ya ukomo wa safari kama ile iliyomo katika pakiti za IP. Akiwasha itifaki ya mti unganishi, inayofunga viungo vya ziada ili kuondoa mizunguko na ambayo algoriti yake ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, mtandao unabaki kimya kwa takriban sekunde 30, kisha majibu yanaanza kurudi. Ukimya huo una mafunzo mengi: swichi zimechagua mmoja wao kuwa mzizi wa mti, zimefunga kiungo kimoja na kupita hatua mbili za sekunde 15 kila moja kabla ya kuruhusu data ipite. Sijaona mchoro wa ubaoni unaoweza kumfanya mwanafunzi aulize kwa nini lazima asubiri.

Upande wa msongamano nao unanufaika. Tuchukue kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde chenye safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 100: data inayotosha kukijaza ni baiti 125,000, yaani pakiti zipatazo 83 za baiti 1,500. Mwanafunzi akiweka foleni ya pakiti 1,000 kwa kudhani kwamba nafasi zaidi ni neema, uhamishaji mmoja mkubwa wa faili unaweza kuijaza, na kila pakiti inayofika nyuma ya foleni iliyojaa husubiri sekunde 1.2. Kasi ya kuhamisha faili inabaki nzuri, huku mazungumzo ya sauti katika kiungo hichohicho yakiwa hayavumiliki.

Udhaifu mkubwa wa Mininet uko kwenye saa. Vifaa vyote hugawana kichakato kimoja na kufuata wakati halisi, kwa hiyo mtandao ukihitaji nguvu kuliko iliyopo, programu haisimami wala haitoi onyo. Hutoa takwimu ambazo kwa hakika zinapima uchovu wa kompyuta. Toleo la utafiti la mwaka 2012 liliongeza njia za kugawa muda wa kichakato na kufuatilia kama uigaji umebaki mwaminifu, lakini jukumu la kukagua bado ni la mtafiti. Kwa viungo vya gigabiti nyingi au maelfu ya vifaa, programu ya uigaji ya ns-3 inafaa zaidi, kwa kuwa saa yake ni ya kubuni na husonga tukio kwa tukio hata kama hesabu zitachukua usiku kucha. Kero nyingine ni kwamba kompyuta pepe zote huona mafaili yaleyale, hivyo anayeendesha programu za ruta sharti aipe kila ruta saraka yake, la sivyo mipangilio itagongana. Asiye na Linux atalazimika kutumia mashine pepe.

Kwa kozi ya shahada ya kwanza naipendekeza bila kusita. Kwa tasnifu naipendekeza kwa sharti kwamba mwanafunzi apime kwanza mzigo wa kichakato, na aambatishe hati ya Python iliyojenga mtandao wake, kwani hati hiyo ndiyo itakayomwezesha msomaji mwingine kurudia jaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe. Stanford wenyewe waliwapa wanafunzi wa kozi ya uzamili kazi ya kurudia matokeo ya makala zilizochapishwa kwa kutumia Mininet, na zoezi la aina hiyo linaweza kuigwa na idara yoyote yenye kompyuta za kawaida.