ScotlandsPeople na ukoo wa Elgin: krediti zako uzitumie wapi

Mwanafunzi wa historia pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akianza kusoma habari za Ofisi ya Makoloni ya Uingereza, hachukui muda kukutana na jina la Elgin. Victor Alexander Bruce, Earl (cheo cha kilodi) wa 9 wa Elgin, alikuwa waziri wa makoloni kuanzia Desemba 1905 hadi 1908, na Churchill kijana alikuwa chini yake. Baba yake James, Earl wa 8, alikwenda India mwaka 1862 kupokea kijiti cha utawala wa India kutoka kwa Canning, yule aliyeamua mwaka 1861 kwamba Zanzibar na Muscat ziwe tawala mbili. Babu yake Thomas, Earl wa 7, ndiye wa zile sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, zilizonunuliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1816 kwa pauni 35,000.

Kumbukumbu za kuzaliwa, ndoa na vifo vya Scotland zinauzwa mtandaoni na ScotlandsPeople, huduma ya National Records of Scotland, idara ya serikali yenye makao Edinburgh. Kwa ukoo wa kilodi kama huu, huduma hii inatoa kidogo sana kuhusu lodi mwenyewe na inatoa mengi kuhusu wake zake, mabinti zake na watumishi wa nyumba yake. Asiyelijua hilo atamaliza krediti, yaani pointi za kulipia kurasa, kabla hajapata kitu.

Kufungua akaunti ni bure, na kutafuta majina kwenye faharasa ni bure. Unalipa unapotaka kuona picha ya ukurasa. Bei iliyozoeleka ni krediti 30 kwa pauni 7.50: takriban shilingi elfu 25, kutegemea kiwango cha siku hiyo. Ukurasa wa kuzaliwa, ndoa, kifo au sensa ni krediti 6. Wasia mzima ni krediti 10. Krediti hudumu miaka miwili, na picha uliyokwisha kuilipia inabaki kwenye akaunti yako, kwa hiyo usiilipie tena kwa kudhani imepotea. Malipo ni kwa kadi. Kadi ya Visa ya benki inatosha, na ile ya mtandaoni inayotolewa ndani ya pochi ya simu pia, ila acha salio la ziada kwa ajili ya makato ya kubadili fedha. Salio likiwa sawasawa na bei, muamala hugoma. Ukihitaji msaada wao, kumbuka saa 3 asubuhi ya Edinburgh ni saa 6 mchana Dodoma wakati wa baridi yao, na saa 5 wakati wa kiangazi.

Sasa kwa nini malodi hawaonekani? Usajili wa lazima wa serikali ulianza Scotland tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna vitabu vya parokia vya Kanisa la Scotland, vinavyoanzia 1553 kwa parokia chache na baadaye sana kwa nyingine. Familia za kilodi zilizaa, zikaoa na kufa popote pale cheo kilipozipeleka. Thomas alifia Paris mwaka 1841. James alizaliwa London mwaka 1811, akafia Dharamsala, India, Novemba 1863, na huko ndiko alikozikwa. Victor alizaliwa karibu na Montreal mwaka 1849, baba yake akiwa gavana mkuu wa Canada. Ukitafuta kuzaliwa kwa James au kwa Victor kwenye vitabu vya Scotland, unatafuta maji mahali pasipo na kisima. Kila "James Bruce" utakayemlipia ni mtu mwingine, na jina Bruce huko limejaa.

Kitu cha kununua kwanza ni kifo cha Victor: Januari 1917, wilaya ya usajili ya Dunfermline, kaunti ya Fife, ambako ndiko iliko Broomhall, nyumba ya ukoo. Kumbukumbu ya kifo ya Scotland tangu 1855 inabeba jina la baba, jina la mama pamoja na ubini wake wa kabla ya ndoa, jina la mwenzi (isipokuwa 1856 hadi 1860), sababu ya kifo, na aliyetoa taarifa. Kwa krediti 6 unapata vizazi viwili kwenye mstari mmoja. Ya England ya miaka hiyo haimtaji mama kabisa.

Faida kubwa zaidi iko kwa wanawake. Faharasa ya vifo humwingiza mwanamke aliyeolewa kwa ubini wa baba yake na kwa wa mume wake. Mke wa kwanza wa Victor, Constance Carnegie, binti wa Earl wa 9 wa Southesk, mtafute kama Carnegie, kisha Bruce, kisha Elgin. Walipata watoto 11, na mabinti walioolewa Scotland hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Jina la cheo lisikubabaishe: lodi hutia sahihi "Elgin" tu, na mrithi wake huitwa Lord Bruce baba akiwa hai, kwa hiyo karani mmoja aliandika ubini na mwingine cheo. Jaribu vyote viwili, na tumia nyota mahali pa herufi unazozitilia shaka.

Kuna mtego wa namba. Tangu 1747 ukoo huu unabeba vyeo viwili, Elgin na Kincardine, na hesabu zake hazilingani: Earl wa 7 wa Elgin ni wa 11 wa Kincardine. Tena namba si kizazi. Charles, Earl wa 5, alikufa Mei 1771. Mwanawe William Robert, mtoto wa miaka saba, akawa wa 6, akafa Julai mwaka huo huo. Ndipo Thomas, mdogo wake, akawa wa 7 kabla hajatimiza miaka mitano. Anayechora mti kwa kufuata namba ataweka kaka mahali pa baba.

Vilevile usidhani mrithi ni mtoto wa mke wa kwanza. Thomas na Mary Nisbet waliachana mwaka 1808. George, mtoto wao wa kiume, alikufa 1840, mwaka mmoja kabla ya baba yake, akiwa hana mtoto. Ndiyo sababu cheo kikamwendea James, aliyezaliwa na mke wa pili, Elizabeth Oswald.

Kwa wasia, nunua ukijua unachonunua. Hadi 1868 sheria ya Scotland haikuruhusu ardhi kurithishwa kwa wasia wa kawaida. Ulihusu mali zinazohamishika tu: fedha, samani, mifugo, madeni. Mrithi wa ardhi alithibitishwa kwa utaratibu wake, na mashamba yako kwenye daftari la ardhi lililoanza 1617. Kwa hiyo wasia wa kabla ya 1868 usiotaja nyumba wala shamba haumaanishi kwamba familia ilifilisika.

Sensa ni ya kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Ilihesabiwa mara nyingi kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, wakati Bunge linakaa London, hivyo lodi na mkewe huweza kukosekana nyumbani. Usitupe ukurasa huo. Unaonyesha mpishi, mtunza bustani, yaya, umri wao na, tangu 1851, parokia walikozaliwa, na anayeandika kuhusu maisha ya nyumba kubwa hapati chanzo kizuri kuliko hicho. Usome kwenye kompyuta. Kwa simu mwandiko hautasomeka. Ukipeleka steshenari mjini, chapisha A3, kwani kwenye A4 safu za kulia huwa vumbi tupu.

Kabla ya kununua krediti hata moja, pakua bure kazi ya juzuu 9 ya Sir James Balfour Paul kuhusu malodi wa Scotland, iliyotoka 1904 hadi 1914, toa humo tarehe na mahali, kisha lipia zile za Scotland za baada ya 1855 peke yake. Krediti 30 zinatosha kurasa tano, na kwa tawi la Victor tano ni mwanzo mzuri. Ngao za ukoo nazo zinauzwa humo humo, kutoka daftari lililoanza 1672, kwa krediti 40. Hiyo iache, labda uwe mchoraji.