Drupal: nimeitumia tangu 2013, haya ndo maoni yangu

Kila nikisema nafanya kazi na Drupal, ile programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, kuna mtu lazima aulize "hivi bado ipo?" Ipo jamani, tena ndo inayolipa ada ya watoto, kwahiyo leo naiandikia riviu kama mtu anavyoandika riviu ya blenda, inasaga nini, inapiga kelele kiasi gani na imeshanikata vidole mara ngapi.

Bei kwanza. Ni bure kabisa, leseni ya GPL (inayokuruhusu kuitumia na kuibadilisha bila kulipa), unapakua unaweka kwenye seva maisha yanaendelea. Ila ubure wake unaulipia kwa muda. Kwa WordPress, mshindani wake, mtu anaanza kujifunza asubuhi na jioni ameshauza tovuti ya saluni, kwa Drupal jioni hiyo bado unajiuliza nodi (ukurasa au habari moja, kwa lugha yao) ni kitu gani na kwanini menyu haionekani, mimi niliitupa mara mbili kabla haijaniingia. Halafu Novemba 2015 ikaja Drupal 8, wakabomoa nyumba nzima wakajenga upya juu ya Symfony, msingi wa kodi uliotengenezwa na watu wengine, maana yake ukitoka 7 kwenda 8 hubonyezi apdeti ukalala, unajenga tovuti nyingine kabisa halafu unabeba data zako kama mtu anayehama na kirikuu, na godoro linaning'inia nje. Kuna wenzetu hata hawakusubiri, wakachukua Drupal 7 wakaanzisha tawi lao, Backdrop. Na Composer je, ile programu ya kupakua na kupanga vipande vya kodi ambavyo Drupal inavihitaji? Kabla haijatoka toleo la 2 ilikuwa inakula memori yote ya hostingi yangu ya bei chee inakata katikati, nikawa najenga kwenye laptop halafu napandisha mafaili maelfu kwa bando la usiku, asubuhi nakuta limeishia njiani.

Sasa Jumatano. Hii ndo sehemu ambayo sijaona bidhaa ya kulipia ikifanya vizuri hivi. Matangazo ya usalama ya Drupal hutoka Jumatano, siku inajulikana na masaa yanajulikana, kwetu ni kuanzia saa moja usiku. Tarehe 15 Oktoba 2014 ilikuwa Jumatano, likatoka tangazo la Drupal 7 kwamba mtu yeyote, hata asiye na akaunti, anaweza kuingiza amri zake kwenye database. Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja wa kodi (sio ile ya TRA), mahali palipoandikwa $data pakawa array_values($data), basi. Mimi nililiona tangazo, nikasema kesho, kesho ikawa Ijumaa. Wiki mbili baadae timu ya usalama wakaandika kwamba kama hukuweka kiraka (yaani hayo marekebisho) ndani ya masaa 7 ichukulie tovuti yako imeshavamiwa. Masaa 7 kwa saa zetu ni mpaka saa nane usiku ile ile. Nikafungua orodha ya watumiaji kwenye tovuti ya mteja, taasisi moja hivi, nakuta jamaa anaitwa drupaldev, cheo chake megauser. Sijawahi kumsajili huyo mtu. Nilihisi jasho la mgongoni aisee, kama umerudi nyumbani ukakuta mtu amekaa sebuleni anaangalia TV. Nikarudisha bakapu ya kabla ya tarehe 15, nikaanza upya na seva safi, wiki nzima ya kazi bila malipo maana kosa lilikuwa langu. Ila angalia, hawakuficha. Walisema wazi kabisa kwamba hali ni mbaya na saa ngapi ilianza kuwa mbaya, kwa mtu ambaye hajawalipa hata mia.

Jina lenyewe lilitokana na kukosea kuandika. Dries Buytaert alikuwa mwanafunzi kule Antwerp, Ubelgiji, akawa anatafuta dorp.org, dorp kwao ni kijiji, vidole vikateleza ikatoka drop, akaichukua hivyo hivyo, na programu ilipotoka Januari 2001 ikaitwa Drupal, kutokana na neno lao la tone. Ndo maana nembo ni tone la bluu. Mimi jamii ya wanaoijenga Drupal bado naiita kijiji, na kijiji kina wema wake na kina mambo yake.

Kiraka changu cha kwanza kilitokana na mteja kupiga simu, "kijana mbona tovuti nzima Kiswahili ila hiki kitufe kinaongea kizungu?" Kuchungulia, aliyeandika moduli (kipande cha kuongezea Drupal uwezo) alisahau kulifungia lile neno ndani ya t() ili litafsirike. Nikarekebisha nikatuma kijijini wakague. Jibu la kwanza: umeweka nafasi nne mwanzo wa mstari, sisi tunatumia mbili. Nikatuma tena. Jibu la pili: kuna nafasi imebaki mwisho wa mstari. Yaani nilikasirika nikafunga laptop, ila mtu huyo huyo, simjui hanijui, alikaa akanielekeza namna ya kuseti editor yangu iziondoe zenyewe, hatua kwa hatua. Ikafika RTBC, maana yake imekaguliwa na wanakijiji wameridhika, halafu ikakaa hapo miezi saba ikimsubiri mwenye moduli. Siku imeingia jina langu likatokea, nikapiga skrinshoti nikamtumia mke wangu, akajibu "hongera, wamekupa shingapi?"

Swali zuri tu. Ukichangia unaandika kama masaa ni yako mwenyewe au ya kampuni yako au ya mteja, unapata krediti, na kampuni zenye krediti nyingi zinapanda juu kwenye orodha ambayo wateja wanaitazama. Nia ni nzuri. Ila mwenye mwajiri anayemlipa Ijumaa nzima achangie na frilansa anayechangia watoto wakishalala hawakimbii mbio moja. Na palipo na pointi pana wajanja, kuna watu kazi yao ni kubandika skrinshoti chini ya kiraka cha mwingine na kusema "nimejaribu inafanya kazi", na mwenye moduli anayefanya bure anabaki kupepeta hayo yote. Nami niliwahi kubandika mbili tatu, sikatai.

Nyota nne kwa kazi kubwa zenye watumiaji wengi na lugha nyingi. Kwa duka la mtaani nyota mbili, usijitese, ingawa Drupal CMS, ile Drupal iliyofungashwa tayari kwa wasio mafundi, iliyotoka Januari 2025 imepunguza makali, mdogo wangu aliiweka mwenyewe na hakunipigia simu. Kikao cha harusi Jumatano usiku msiniweke, nitatuma mchango. Na yule mteja wangu aliyebaki kwenye Drupal 7, ile ambayo mwisho wake uliahirishwa weee mpaka msaada rasmi ukakatwa tarehe 5 Januari 2025, kama unasoma hapa mzee wangu, naomba pokea simu.