Santa Teresa, Rio de Janeiro: panda kwa tramu, shuka kwa miguu

Haya jamani, tazameni hapa nyuma yangu. Hiyo tramu ya manjano wenyeji wanaiita bonde. Imeandikwa vilevile kama bonde letu, ila wao hutamka "bonji", tena yenyewe inakwea mlima. Nipo Santa Teresa, mtaa wa mlimani hapa Rio, na nataka nikwambie kama panastahili muda wako na pesa yako.

Tramu unaipandia kati ya jiji, karibu na Largo da Carioca. Ikiondoka inapita juu ya Arcos da Lapa, matao meupe ya karne ya 18 yaliyojengwa kupitisha maji. Reli iliwekwa huko juu mwaka 1896. Ubavuni tramu iko wazi, upepo unakupiga, chini unaona mapaa ya mtaa wa Lapa. Nauli yangu ilirudi palepale! Kibaya ni foleni. Nimesimama juani zaidi ya saa nzima. Nenda asubuhi.

Ila usiione ni kitu cha watalii tu. Agosti 2011 tramu iliacha reli mlimani, watu wakafa, ikasimamishwa. Wakazi waliidai karibu miaka minne, wakachora ukutani tramu inayotokwa na machozi. Ilianza kurudi 2015, kipande kwa kipande. Mkazi aliyejisajili halipi, ndiyo maana leo nimekaa ubavuni mwa mama aliyepakata mifuko ya sokoni, anasalimiana na kila mtu njiani. Mimi ukijiji wa hapa nimeuona kwa yule mama.

Shuka Largo dos Guimarães, utembee. Pa kukaa sana ni Parque das Ruínas. Lilikuwa jumba la Laurinda Santos Lobo, bibi tajiri aliyekuwa akikaribisha wasanii na wanasiasa. Alipofariki 1946 likaachwa, likaporwa. Walipolifufua hawakupiga lipu: matofali yameachwa uchi, ndani wakapitisha ngazi za chuma na vioo. Panda hadi juu, Ghuba ya Guanabara yote iko mbele yako. Sijaona ukarabati ulionigusa hivi.

Kurudi, teremka ngazi za Selarón, 215, zilizopambwa vigae na Jorge Selarón, mzaliwa wa Chile, kuanzia 1990 hadi alipofariki 2013. Hapo chini pamejaa wapiga picha. Vigae vizuri utavitazama kwa utulivu ukianzia juu.

Vaa viatu vinavyoshika, mawe ya barabarani yanateleza. Giza likiingia, chukua teksi.