dLight1: kihisi kizuri cha dopamini, mradi uulize "lini" na si "kiasi gani"

Panya akionja tone la maji ya sukari, dLight1, protini inayong'aa inapokutana na dopamini (kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo), huonyesha dopamini ikipanda papo hapo kwenye nukliasi akumbensi, sehemu ya striatamu ndani ya ubongo. Hapo ndipo kihisi hiki kinapozishinda njia za zamani. Mikrodialisisi, yaani kuchuja majimaji ya ubongo kwa kijibomba chembamba, hukusanya sampuli moja kwa dakika 5 hadi 20, na kilele cha sekunde mbili hupotelea humo. Hata hivyo, anayetaka kuandika kwamba dopamini ilifika nanomola (kipimo cha ukolezi) fulani abaki na mikrodialisisi. dLight1 hutoa asilimia ya mabadiliko ya mng'ao, na asilimia ya panya huyu hailingani na ya yule, kwa kuwa kila mmoja ana kiasi chake cha kihisi kwenye seli.

Kilitangazwa mwaka 2018 na maabara ya Lin Tian, Chuo Kikuu cha California, Davis. Walichukua D1, mojawapo ya vipokezi (protini za seli zinazonasa dopamini), wakaondoa kitanzi chake cha tatu cha ndani ya seli na kupachika hapo protini ya kijani inayong'aa. Dopamini ikinasa, umbo la kipokezi hubadilika na mng'ao huongezeka.

Wengi hukosea kwenye kuchagua toleo. La 1.1 hufikia nusu ya uwezo wake kwenye nanomola 330 hivi, 1.2 kwenye 770, na 1.3b kwenye 1600; namba ikiwa kubwa, toleo huhitaji dopamini nyingi zaidi ili lihisi. Mng'ao wa 1.3b unaweza kupanda kwa asilimia 930, na namba hiyo ndiyo inayowavuta watu. Kwenye striatamu, ambako dopamini imejaa, haina shida. Ukilipeleka kwenye koteksi ya mbele mstari wa kipimo utanyooka tu na utadhani virusi vilivyobeba kihisi havikufanya kazi. Kwa striatamu anza na 1.2; penye dopamini haba jaribu 1.1. GRAB-DA1h, kihisi cha maabara ya Yulong Li ya Beijing, hunasa hata nanomola 10, lakini huachia polepole, kwa zaidi ya sekunde mbili, hivyo matukio mawili ya karibu huungana kuwa moja.

Kukiweka kihisi ubongoni ni kazi ya mikono. Virusi vya AAV vinavyobeba jeni la kihisi hudungwa nanolita 300 hadi 500, kwa mwendo wa nanolita 100 kwa dakika. Sindano iache mahali pake dakika 10 kabla ya kuichomoa taratibu, la sivyo virusi hupanda na njia ya sindano na utapima koteksi badala ya striatamu. Ncha ya faiba, uzi wa kioo wa mikromita 400 unaopeleka mwanga ubongoni na kurudisha mng'ao, ikae milimita 0.1 hadi 0.2 juu ya pale ulipodunga. Subiri wiki tatu.

Mwanga wa nanomita 470 ndio unaosoma dopamini. Wa 405 ni wa kulinganishia, na mng'ao wake hutolewa kwenye ule wa 470. Mikrowati 20 hadi 50 kwenye ncha zinatosha. Ukizidisha, protini hufifia na mstari wako utashuka saa nzima. Waya wa faiba wenyewe hung'aa, kwa hiyo pitisha mwanga mkali ndani yake kwa saa kadhaa kabla ya kipimo cha kwanza. Masafa ya kuwasha na kuzima taa yasiwe kizidisho cha hezi 50 za umeme wa gridi.

Mistari yote miwili ikishuka pamoja, hiyo si dopamini: panya amegeuza kichwa, au damu imeongezeka na kufyonza mwanga. Kwa GRAB-DA tahadhari zaidi, maana mng'ao wa 405 hushuka wakati wa 470 unapopanda, na ukiutoa kama kawaida unaikuza dopamini kuliko ilivyo.

Kipimo cha uaminifu ni dawa ya SCH23390, inayoziba D1. Mdunge panya: kinachobaki kwenye mstari si dopamini. Udhaifu mkubwa wa kihisi umejificha hapohapo. Utafiti wowote wa dawa za D1 hauwezi kutumia dLight1, kwani dawa inakishika kihisi chenyewe. Tumia GRAB-DA, iliyojengwa juu ya D2, kipokezi kingine cha dopamini, ila nayo huzibwa na haloperidoli, dawa inayoziba D2. Vihisi vyote viwili huitikia pia noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, kwa udhaifu, jambo la kuhofia zaidi kwenye koteksi kuliko kwenye striatamu.

Addgene, shirika lisilo la faida la Marekani, husambaza plasmidi (DNA ya duara yenye jeni la kihisi) na virusi. Plasmidi husafiri ndani ya bakteria bila barafu. Virusi huhitaji barafu kavu, nayo ikiisha forodhani mzigo umeharibika, kwa hiyo kibali kipatikane kabla ya kuagiza. Vikifika, vigawe mikrolita 5 kwa kila kichupa na uvihifadhi kwenye nyuzi −80. Kichupa kilichoyeyushwa kisigandishwe tena.