Kifaa Gani Kinafaa Kununuliwa kwa Kusawazisha Kinoo?

Kinoo kinachotumiwa kila siku huliwa zaidi katikati kuliko pembeni, na fundi wa milango ya nakshi hapa Lamu asipokisawazisha mapema, patasi yake pana huota makali yenye tumbo ambayo hayakai sawasawa kwenye mbambakofi. Mwenye bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, huchelewa kuliona tatizo. Mwenye randa huliona siku hiyo hiyo. Nimevipanga vifaa vya kusawazishia kwa kuzingatia pia upatikanaji wake, kwa kuwa bidhaa nyingi hutufikia kwa mashua kutoka Mokowe.

Cha kwanza kwangu ni msasa wa maji uliotandazwa juu ya kioo kinene. Chukua namba 220 kwa kinoo chenye punje kubwa na namba 400 kwa kilicho laini, kisha mwombe mkata vioo kipande cha milimita 10, kwani kioo chembamba hupinda kikikandamizwa juu ya meza isiyo sawa. (Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao.) Upungufu wake ni kwamba karatasi huisha upesi, hivyo mwenye karakana yenye mafundi kadhaa atajikuta ananunua kila mara.

Huyo namshauri anunue bamba la almasi, ingawa bei yake ni kubwa. Punje za almasi zimeshikizwa kwa nikeli juu ya chuma, nazo husawazisha kinoo cha maji (kile kinacholoweshwa maji wakati wa kunoa, si mafuta) kwa dakika chache bila bamba lenyewe kufanya bonde. Kabla ya kulipa, simamisha rula ya chuma juu yake na uelekeze kwenye mwanga; mwanga ukipenya katikati, liache. Baada ya kazi lisuuze kwa maji matamu na ulikaushe, maana hewa yetu ya chumvi haisamehi chuma.

Unga wa silikoni kabaidi, unaosuguliwa juu ya kioo kwa maji, nimeuweka wa tatu. Hula haraka na ndio unaokiweza kinoo kikongwe cha mafuta ambacho msasa huteleza juu yake, lakini hula kioo pia, na punje moja ikisalia kwenye kinoo laini itakwaruza makali uliyoyahangaikia. Usiutumie kamwe juu ya bamba la almasi, kwa sababu utazing'oa punje zake.

Jiwe la kusawazishia lenye mifereji ndilo la mwisho. Nililinunua mwanzoni bila kulipima, na kwa muda mrefu nikalaumu mkono wangu, kumbe jiwe lenyewe lilikuwa limepinda na lilikuwa likiupitisha upinde huo kwenye kila kinoo changu.

Chochote utakachonunua, chora miraba ya penseli juu ya uso wote wa kinoo kabla ya kuanza. Mistari ya pembeni hufutika kwanza, ile iliyo ndani ya bonde hubaki, nawe unaendelea kusugua, ukigeuza kinoo mara kwa mara, hadi mstari wa mwisho upotee. Kisha pitisha kingo zake mara mbili tatu kwa mshazari, zisije zikameguka chini ya patasi.