Blood Simple: watu wa pembeni wanapopewa picha nzima

Kwenye picha nyingi za uhalifu, sura kama ya mwigizaji M. Emmet Walsh hupewa dakika tatu. Ni askari mzee mezani, au mwenye gereji, au jamaa wa kaunta anayeuza siri. Anasema lake, anatoka, stelingi anaendelea. Mhakiki Roger Ebert alimtungia kanuni yeye na mwigizaji mwenzake Harry Dean Stanton: filamu yenye mmoja wao kwenye nafasi ndogo haiwezi kuwa mbovu moja kwa moja. Waongozaji ndugu Joel na Ethan Coen, katika filamu yao ya kwanza, Blood Simple, walikwenda mbali zaidi. Walimwondoa stelingi kabisa, picha wakawaachia watu wa aina ya Walsh.

Pesa ilikuwa dola kama milioni 1.5, zilizotoka kwa wawekezaji binafsi walioonyeshwa trela ya filamu ambayo ilikuwa haijapigwa bado. Kazi ilifanyika Texas mwaka 1982, na mwaka 1985 ikachukua tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu ambalo leo linaitwa Sundance. Kwa Frances McDormand hii ilikuwa filamu ya kwanza, na kwa mtunzi wa muziki Carter Burwell vilevile.

Kisa chenyewe hakina maajabu. Marty, mwenye baa, anamlipa mpelelezi wa kukodiwa, Visser, dola 10,000 awaue mkewe Abby na mfanyakazi wake Ray, ambao ni wapenzi. Visser anapiga hesabu yake: anaichezea picha ya wapenzi hao waonekane wameuawa, anapokea mzigo, kisha anamtwanga risasi Marty kwa bastola ya Abby. Kuanzia hapo hakuna hata mmoja anayejua ukweli wote, na kila mmoja ana uhakika na uongo alioubeba. Ray anaamini Abby ndiye aliyeua. Abby, kwa upande wake, hana habari kwamba Visser yupo duniani. Ambaye hajaitazama na aruke mpaka aya ya mwisho.

Walsh anamcheza Visser kwa uchangamfu, na hapo ndipo anapotisha. Suti imepauka, kofia imekaa upande, gari ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, na utani wake anaucheka mwenyewe kabla hujauelewa. Hapandishi sauti. Tuzo za filamu huru za Independent Spirit zilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1986, ya mwigizaji bora wa kiume ilikwenda kwake. Dan Hedaya, kama Marty, anafanya kinyume: anakaa kimya, ananuna, na ghadhabu yote anaiweka kwenye kidole. Abby amemvunja kidole hicho alipojaribu kumteka, na tangu hapo anatembea nacho kikiwa kimefungwa gango, kimesimama wima kila anaposhika kitu. Mtu anapanga mauaji na kidole kile kinamfanya kichekesho. Hedaya hakitumii kutafuta kicheko hata mara moja.

Dakika zinazoipa filamu hii heshima yake ni zile Ray anapomkuta Marty ofisini. Anadhani anamkinga Abby, kwa hiyo anaanza kusafisha. Kosa la kwanza ni kitambaa: anavua jaketi lake la nailoni na kulidekia damu. Nailoni hainyonyi, inasukuma tu, na dimbwi dogo linakuwa sakafu nzima. Analibeba jaketi kwenda kwenye sinki nalo linamchuruzikia njia yote. La kuvunda halina ubani. Kosa la pili ni kubwa zaidi: maiti si maiti. Kinachofuata, barabarani usiku na kisha shambani, kinakwenda dakika nyingi karibu bila neno, na unasikia kila koleo la udongo. John Getz, ambaye kwingine ni mkavu kupita kiasi, hapa anafaa kabisa, kwa sababu Ray amebaki na mikono tu, akili imeshamtoka.

Ukiirudia mara ya pili, hesabu risasi. Bastola ya Abby ina tatu tu, matundu mengine ni matupu. Moja ni ya Visser, ya pili inafyatuka Ray anapoikanyaga gizani, na ndiyo maana Marty anapoielekeza kwa Ray kutoka kaburini inalia tupu. Ya tatu imesubiri mlango wa mwisho. Fuatilia pia kiberiti cha gesi cha Visser. Anakisahau mezani, chini ya samaki waliovuliwa na Marty, na samaki wanazidi kuoza juu yake. Watu wanakufa kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Kamera ya Barry Sonnenfeld nayo ina utundu. Inateleza juu ya kaunta ya baa, inamkuta mlevi amelala, inanyanyuka, inampita, inashuka tena kama vile hakuna kitu. Picha ile ambapo kamera inaikimbilia nyumba ni mbinu rahisi iliyotoka kwa mwongozaji Sam Raimi: kamera inafungwa katikati ya ubao, watu wawili wanashika ncha na kutimua mbio. Mtikisiko wa hatua zao unapungua kabla ya kufika katikati, na lenzi pana inaficha uliobaki.

Samm-Art Williams, ambaye pia alikuwa mwandishi wa tamthilia, anamcheza mhudumu wa baa Meurice, mtu pekee mwenye akili timamu humo ndani, na kapewa muda mdogo mno. Hilo ni kosa. Kosa jingine ni ndoto ya Abby, inayotisha kwa hila za bei rahisi ambazo filamu nyingine yote haizihitaji.

Kuhusu toleo: akina Coen waliihariri upya, na tofauti na desturi ya waongozaji wengi, walipunguza badala ya kuongeza. Inakwenda dakika kama 96, pungufu kidogo ya ile ya kwanza. Chukua hiyo, hasa nakala ya kampuni ya Criterion ya 2016, ambayo giza lake lina undani na si weusi mtupu. Kaa mbali na kanda za VHS za zamani, ambazo wimbo wa kundi la Four Tops uliondolewa na kuwekwa wa mwimbaji Neil Diamond, na mandhari ya baa ikapoteza mzaha wake. Ukiipata DVD ya Universal yenye maelezo ya "mtaalamu" Kenneth Loring, ujue mtu huyo hayupo. Ni mzaha wa ndugu hao, na anaeleza bila kucheka kwamba jasho la waigizaji lilikusanywa kwenye mbavu za farasi.